Dania ya Shilingi Kumi

Polisi waliandika: lori.
Wakaandika mvua, taa za barabara zilizokufa,
na kijana aliyetaka kupenya
pale Outering, chini ya daraja la waendao kwa miguu.
Wakapiga muhuri. Nami nikatia sahihi, Syombua,
herufi zikiyumba kama za mtoto wa chekechea.

Hawakuniuliza nilikuwa nafanya nini
saa moja na dakika kumi na mbili.

Nilikuwa jikoni, Kayole, ndengu zi motoni,
vitunguu vimeiva, nyanya zimelainika,
dania hakuna.
Nikachukua simu.

Dania, jamani. Ya shilingi kumi.
Kitu ambacho Mama Nekesa wa mlango wa tatu
angenigawia bure, ningebisha tu.
Lakini tulikuwa hatusemezani, mwezi wa pili ule,
kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo.

Iliita hadi ikakatika.
Nikapiga tena.
Nilijua uko njiani. Niseme ukweli: nilijua.
Nilijua unavyoichomeka simu kati ya helmeti na shavu,
shingo umeipinda kama kuku anayesikiliza mwewe,
maana ni mimi niliyekufunza tangu ukiwa darasa la nne:
mama akipiga, shika.

Ukashika.
"Naam, Mama."
Nikasema, "Da—"

Sekunde kumi na moja. Simu ndiyo inayosema.

Walinikabidhi ndani ya mfuko wa plastiki,
pamoja na kiatu kimoja na funguo za pikipiki isiyokuwapo.
Kioo kimepasuka, lakini bado inawaka,
na juu kabisa ya orodha nipo mimi, "Maa", mara mbili.
Nikafuta, nimejifungia chooni mwa hospitali.
Kisha nikafungua yangu.
Nayo imo.

Mguu wako umening'inizwa, vyuma vimepita mfupani,
kamba, kapi, mawe ya kuvutia.
Wanawake wa chama wanakuja na uji wa wimbi,
wanakushika kidole gumba cha mguu, wanaomba,
"Bwana ndiye ajuaye kwa nini."
Nasema amina.
Wenzako wa steji wamechanga elfu kumi na nne na mia tatu,
noti zina harufu ya petroli,
nao wanaapa watamsaka aliyekufanyia haya
hata kama amejificha Malaba.
Nawamiminia chai. Namwongeza sukari yule anayeapa kwa sauti.

Uchungu wa mwana, wanasema, aujuaye mzazi.
Upo mwingine. Huo hawakuutungia methali.

Nilikuita Kyalo, safari,
kwa kuwa ulinishukia njiani, kabla hatujaona paa la zahanati,
bibi yako akatandika leso yake kwenye nyasi.
Nikadhani nimekubariki kwa miguu.

Juzi usiku nakupangusa mgongo kwa kitambaa cha uvuguvugu,
ukasema, macho umefumba,
"Kulikuwa na kitu sikioni. Kama mtu ananiita.
Nani alikuwa anapiga, Mama?"

Nikakamua kitambaa.
Nikakikamua tena, kilikuwa kikavu.
"Lala," nikasema.

Mama Nekesa amekuja pia. Hakutaja kamba.
Aliketi, akanishika goti, akalia kabla yangu,
na mfukoni mwa aproni yake, najua ni upuuzi,
nilisikia harufu ile mbichi, ya kijani,
nikatoka mbio hadi dirishani.
Akadhani ni huzuni.

Leo umeomba chakula cha nyumbani.
Nimekuletea ndengu, moto bado, nimezifunga kwa shuka.
Daktari anasema ni ishara njema, hamu ya kula.
Nikakulisha kijiko cha kwanza, cha pili.
Ukatafuna polepole, uso ukakunja kidogo, kama zamani,
ukatabasamu na lile jino lililovunjika:
"Mama, mbona leo hazina dania?"

Nikafungua mdomo.
Neno likakatika palepale lilipokatikia.