Mtu Mwenye Kikohozi

Meya wetu huku Finnmark namjua hata kwa kikohozi.
Theluji ilipoziba barabara siku tatu
nilimbana dukani, kati ya maziwa na mishumaa;
akavua kofia, akajieleza.
Uchaguzi ulipofika nikamnyima kura,
na bado tunasalimiana.

Ila herufi yangu hii ya Kisami,
yenye kifimbo kifuani,
niliyochorewa na bibi kwa mkaa wa jiko,
mtandao umeitema kwenye anwani ya duka langu la glavu.
Haimo orodhani, wakasema.
Orodha ya nani? Ya kamati.
Kamati ilikaa wapi?
Hotelini, mji wa joto, mlango wazi
kwa kila mwenye nauli.

Nikaandika. Wakanishukuru kwa maoni yangu.
Nikaandika tena: mimi Sunná, mfumaji,
nipeni jina moja tu,
mtu mwenye kikohozi.
Nikapewa kumbukumbu namba.

Sasa usiku naifuma herufi ile
kiganjani mwa kila glavu,
nyekundu, isomeke kwa mbali
mkono ukiinuliwa.

Nauinua. Dirishani ni giza na theluji,
na hakuna anayehesabu.