Kumbukumbu za Alhamisi ya Tatu

Tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba ya Brandvold,
bomba la joto likigonga ukutani
kama mgeni asiyefunguliwa.
Nje theluji ya Machi imechoka, imekuwa uji wa kijivu.
Tuko watano. Akidi imetimia.
Mimi ndiye karani: kazi yangu kuandika
kilichoamuliwa, si kilichotokea.

Mwenyekiti wetu, Bi Ardith Kjelstad,
miaka thelathini alisafisha meno ya watu,
na hadi leo husubiri jibu
kama asubiriye mdomo ufunguke.
Gazeti la mji lilituita baraza kibogoyo.
Yeye, ajuaye meno, hakujibu.
Anafungua kikao kwa kugonga kalamu mezani;
nyundo ilipotea mwaka juzi, na fungu la nyingine halipo.

Mkuu wa polisi, Haugerud, anatusomea mwezi wake.
Ajali za barabarani, kumi na moja.
Mbwa waliopotea, sita. Waliopatikana, saba.
Tunacheka, naye anacheka.
Saa za ziada zimevuka bajeti.
Gari namba nne linataka matairi.

Hapo Zamarripa anainuka, kofia mkononi,
anakwenda kusimama ukumbini na mashine ya kahawa,
maana duka la matairi ni lake,
na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake;
yeye kaamua asiwambe kabisa.
Tunapitisha matairi manne. Tunamwita.
Naandika: "Mjumbe alijitoa, kisha akarejea."
Naipenda sentensi hiyo. Naisoma mara mbili.

Kisha lalamiko namba kumi na nne.
Kijana wa miaka kumi na tano, baiskeli,
taa ya nyuma haiwaki.
Alisimamishwa Jumatatu.
Alisimamishwa tena Jumatano,
na Jumatano taa ilikuwa inawaka.
Kamera ya kifuani mwa Afisa Rask
ilizimika dakika nne.
"Betri," anasema Mkuu,
kwa upole, kama atajaye hali ya hewa.

Na ni kweli: betri tuliziahirisha Novemba,
kura tatu kwa mbili.
Mkono wangu ulikuwamo katika ile mitatu.

Bi Verlene Stubblefield, mama wa kijana,
kakaa safu ya mwisho, koti hakulivua.
Kanuni zinampa dakika tatu.
Saa yetu ni ile ya kuchemshia mayai, yenye umbo la kuku.
Anasimama.
Hasemi neno.
Kuku anahesabu.
Haugerud anatazama viatu vyake.
Rask, ambaye hakulazimika kuja, na amekuja,
anakunja ajenda mara mbili, mara nne,
mpaka haikunjiki tena.

Kuku analia. Mama bado kasimama.
"Hizo ni tatu," anasema. "Imebaki moja."

Bi Ardith anamlaza kuku kifudifudi.

Sijui dakika ile ilikuwa na urefu gani.
Bomba liligonga. Mtu alikohoa, akajuta.
Kisha akaketi, nasi tukapiga kura:
betri mpya, wote watano;
jalada lirudi kwa mpelelezi, wanne, mmoja hakuamua.
Sisi hatumfukuzi mtu kazi. Tunapendekeza.
Mengineyo: hakuna.
Kikao kilifungwa saa tatu kasorobo usiku.

Aprili, kumbukumbu zikasomwa.
"Kuna masahihisho?" akauliza mwenyekiti.
Karatasi zilifunuliwa, zikafunuliwa.
Zamarripa akainua kidole, kucha nyeusi kwa mpira.
"Ukurasa wa tatu, hapa chini.
Umeandika: mlalamikaji alikaa kimya."

"Ndiyo," nikasema.

"Hakukaa," akasema.