Hatua Tisa

Fisi hakubisha hodi.
Alipita palepale penye miba ya mkwamba
niliyoirundika Januari, ikakauka, ikalala chini kama kuni,
akamchukua Kipaku na mimba yake,
akaniachia kengele na nusu ya kamba.

Nilifuata mburuzo hadi ukingo wa msitu,
huku kwetu Jilore, pale kwenye kibao cha serikali:
KUINGIA NI MARUFUKU.
Fisi hajui kusoma. Mimi najua; nikarudi.

Thoya yuko Malindi mjini, hotelini,
anafua mashuka ya watu wanaolala mpaka saa nne.
Hakuja. Alituma waya,
roli moja juu ya bodaboda, imefungwa kwa mipira ya baiskeli,
na ujumbe kwenye simu: Itazunguka yote. Nimepiga hesabu.

Hesabu yake ilikuwa ya boma aliloliacha,
mbuzi wanne na jogoo mmoja mwenye kiburi.
Miaka mitatu hiyo, Thoya. Mbuzi huzaa hata usipokuwepo.
Sasa ni kumi,
na bata wa Umazi, ambao sikuwaruhusu lakini wapo.

Tukachimba. Juu mchanga, chini udongo mwekundu
mgumu kama mkopeshaji.
Umazi alishika nguzo ziwe wima, nikashindilia kwa mchi,
ndiyo, mchi wa kinu, unga wa wiki hiyo tulinunua dukani.
Nguzo za mkilifi: mchwa akionja hutema.
Waya nikaufukia chini kiganja kizima,
maana fisi akikosa pa kupita huchimba,
na kicheche yeye hupita hata penye upana wa ngumi.

Jirani yangu Mwaringa aliniazima koleo,
akabaki akitazama, kama vile koleo lingetoroka.
"Ua wa mke," akasema, "ni mumewe."
Nikamwuliza huo ua lango lake liko upande gani,
maana tangu ujengwe mbuzi wangu wanaliwa.
Akacheka. Akashika ncha ya waya, akavuta.

Jioni Umazi akafungua daftari.
Mwalimu anataka sentensi tatu kwa neno moja: ua.
Akaandika, ulimi nje:
Mama anajenga ua.
Bata wangu amekula ua.
Ya tatu akaiacha wazi, akatazama msituni.
Sikumsaidia.

Siku ya nne waya ukaisha.
Pengo nililipima kwa miguu yangu: hatua tisa.
Sita tukaziziba kwa makuti na matawi ya mnyaa,
utomvu ukatuchoma vidole.
Tatu zikabaki, za lango,
na mfukoni sina hata ya misumari.

Nikaingia ndani. Nikakitazama kitanda.
Cha kamba, tendegu za mvule, mama mkwe alizalia humo.
Upande mmoja umebonyea.
Upande wa pili kamba zimekaza kama siku ya harusi.

Tulikitoa kwa ubavu, mimi na mtoto,
tukakisimamisha, miguu ikielekea barabarani,
bawaba zake nyayo za kandambili zilizokatika.
Mbuzi wakapita mmoja mmoja, wakikinusa.

Usiku alikuja.
Nikiwa mkekani nilimsikia akizunguka,
akisimama, akikwaruza,
kisha akatulia mno mahali pamoja,
pale kwenye kamba za upande wangu.
Nilishika panga. Sijui nilipumua lini.

Kulipokucha nyayo zilikuwa zimeuzunguka ua mara mbili.
Kamba moja imetafunwa.
Kumi wote wapo. Bata pia, kwa bahati mbaya.
Umazi akaandika ya tatu akiwa amesimama, sare imefungwa vifungo kombo:
Fisi hakuua.
Sina hakika mwalimu ataikubali.

Saa mbili Thoya akapiga.
"Waya ulitosha?"
"Ulitosha."
Akasema Desemba atakuja kulala, kulala tu,
amechoshwa na mashuka ya watu.
Nikamwambia karibu,
nikakata simu, nikaenda kukaza kamba.