Kupunguza

Futi yangu ina inchi sitini.
Mwaka ule, kwenye nyonga za Kalunde, iliishia njiani.
Nikaweka kidole pale ilipokoma,
nikaanza upya: moja, mbili, tatu,
naye akitazama barabara ya Isevya
kama mtu anayesubiri gari ambalo si lake.

Mimi fundi. Sisemi.
Daftari ndilo husema: arobaini na mbili, arusi ya mdogo wake;
hamsini, msiba wa mama;
hamsini na saba, sukari imepanda, magoti yanalia.
Kila mara nafumua ubavu, naongeza kipande,
natafuta ua lifuatane na ua
ili watu wa shughulini wasione
mahali kitenge kilipoomba msaada.

Watu waliita neema. "Mwili huo asali ya Sikonge!
Mume anajua kutunza."
Hakuna aliyemwona kwenye ngazi za benki,
amesimama katikati,
anajifanya anatafuta simu mkobani.

Kisha akapanda treni kwenda Dar.
Alirudi na sauti ya kukwaruza
na chupa ya mchuzi uliochujwa,
akakaa kwenye benchi la wateja.
"Mrisho, wamenishona tumbo. Kwa ndani."

Nikasimamisha mguu kwenye pedeli.
Kovu liko wapi?
Hakuna. Walimlaza usingizi wa dawa,
wakapitisha mpira mdomoni, wenye taa na jicho,
ukashuka kooni kama ndoo kisimani,
na kwenye ncha yake, sindano.
Sindano iliyopinda! Nikaomba anichoree.
Akachora nyuma ya tiketi:
huu ukuta wa tumbo, hapa uzi unapita,
unarudi, unavutwa,
gunia linakuwa soksi.
"Wamekata kiasi gani?"
"Hawakukata. Walikunja."

Siku hiyo nilishona kola mbili vibaya.
Miaka ishirini na sita napitisha uzi
mchana kweupe, kitambaa kimetulia mezani;
mwenzangu yule anashona gizani,
ndani ya mtu anayepumua,
kitambaa kilicho hai, kilicholowa, chenye njaa.

Majirani wakaanza. Kalunde kapungua, kuna kitu.
Wakashusha sauti kabla ya kutaja ugonjwa.
Naye anakula matobolwa mawili,
anatafuna taratibu mpaka chai inapoa,
la tatu analiweka kando,
analitazama.
"Uzi haujui kukataa, Mrisho. Unanikumbusha tu.
Kukataa nakataa mwenyewe,
kila siku, saa saba mchana,
harufu ya wali wa jirani ikiingia bila hodi."

Jana kaleta gauni la kijani, lile la hamsini na saba.
Futi ikamzunguka, ikabaki,
ncha yake ikaning'inia hadi gotini.
Nikachukua mkasi, mazoea tu.
Akanishika mkono.
Daktari alimwambia nyuzi huweza kulegea
mtu akijisahau.

Basi sikukata. Nilikunja,
nikapitisha mshono, ndani nikaacha akiba ya vidole vinne.
Lakini maua hayakufuatana tena ubavuni:
nusu ua huku, nusu kule, limevunjika.
Nikataka kufumua nianze upya.

"Acha," akasema, akijigeuza mbele ya kioo.
"Acha paonekane."