Viti Tisini na Tisa

Mimi kazi yangu viti.
Vya harusi, vya hitima, vya kampeni,
viti mia vya plastiki na turubai la buluu
lenye tundu pembeni, ambalo silitaji mpaka mvua inyeshe.

Jumamosi ile vilikwenda Makorora, uwanja wa shule,
kwa watu wa chuo kikuu.
Walitaka mistari kumi iliyonyooka,
meza kuu yenye kitambaa, maua ya karatasi,
na maikrofoni, nayo yangu, elfu tano mbali.

Dokta Shekigenda akasalimu vizuri.
Akasema miaka mitatu nyuma walipita hapa na vichupa,
visima arobaini na kimoja,
na leo wamerudi kutuonesha walichokiona.
Nyuma yangu mtu akaguna: kumbe hurudi?
Sisi tumezoea waja leo, waondoka leo.

Wakatundika ramani.
Mtaa mzima umekuwa nukta,
kijani, njano, nyekundu,
kama achari iliyomwagikia shuka nyeupe.
Akaeleza, akaeleza. Neno "wastani" alilitaja
hata watoto wakaanza kulihesabu kwa vidole.

Ndipo Bi Mwanatumu akanyanyuka, muuza visheti.
Hakungoja maikrofoni.
Akaenda hadi kwenye ramani, akaweka kidole.
"Hii nyekundu ni kwangu?"
"Ndiyo, mama."
"Mmejua tangu lini?"

Jenereta likasikika peke yake.
Dokta akazigeuza karatasi zake
kana kwamba jibu liliandikwa upande wa pili.
"Miaka miwili. Tulisubiri ripoti ichapwe."
"Na mjukuu wangu alikuwa asubiri nini? Ameyanywa."

Hapo nami jasho likanitoka:
kisima hicho ndicho ninachooshea viti.
Kila harusi. Kila msiba.

Dokta akashuka mezani,
akakalia kile kiti changu chenye mguu wa mashaka,
akasema, "Basi niambieni nisilolijua."

Loo, hakujua alichokiomba!
Kisima hiki kilifukiwa mwaka jana.
Hiki wala si kisima, ni shimo la choo la Mbwana Semhando.
Maji ya kwa Zuhura hugeuka chumvi bahari ikijaa,
nyie mlipima yamekupwa.
Kalamu ikapita mkono hadi mkono,
msichana wa chuo akipiga magoti mchangani, akiandika,
akifuta, akiuliza jina lile linatamkwaje.
Mistari yangu kumi ikavunjika,
watu wakaburuta viti kuisogelea ramani,
na ramani ikachafuka, ikaanza kufanana na mtaa.

Sisemi walipatana. Bi Mwanatumu hakucheka.
Alikitwaa kiti kimoja, akajitwika kichwani:
"Twende, Dokta. Ukanioneshe
kesho alfajiri nichote wapi."

Jioni nikahesabu: tisini na tisa.
Nikapita kwa Bi Mwanatumu kukidai kilichobaki.
Kilikuwa kando ya kisima, Dokta amekikalia,
suruali imekunjwa, ndoo na kamba miguuni,
na bibi anazungumza, naye anaandika.

Sikudai.
Kwenye risiti ya chuo nimejaza viti mia,
vimerudi vyote.