Siku Kavu

Fundi wa Kibuye alimpima kwa macho tu.
"Huyu atakua, mama. Nikuachie nafasi."
Akagonga kreti ya mbao za msonobari,
mlango wa wavu wa kuku,
kubwa, ingetosha mbuzi na mwanawe.
Kosa la kwanza hilo, na nililipia taslimu.

Usiku ule Rabuon alilala upande mmoja
akakojoa upande wa pili,
kama mpangaji mwenye vyumba viwili.

Wiki tisa tangu azaliwe,
rangi ya kiazi kitamu kilichosahauliwa jivuni,
ndiyo maana Odero akampa jina hilo.
Odero, mtoto wa kaka yangu,
aliyeletwa kwangu Migosi mwezi wa tano
maji yalipoingia nyumbani kwao Kano
yakakaa wiki tatu,
bila hodi, bila kwaheri.

Daktari wa mifugo alisema: punguza chumba.
Nikapigilia ubao katikati.
Alisema: mtoe akishakula, akishaamka, akishacheza.
Usimpige. Usimsugue pua kwenye mkojo.
Mbwa hakumbuki kosa, anakumbuka mkono.

Basi nikawa mlinzi wa kibofu cha mwingine.
Saa nne, saa sita, saa nane za usiku,
leso mabegani, tochi ya simu,
nimesimama kwenye nyasi nikimbembeleza kiumbe
chenye uzito wa pakiti moja ya unga:
haya baba, haya,
naye ananusa slipa yangu,
anautazama mwezi,
anarudi ndani,
anakojoa kizingitini.

Kwenye kalenda ya duka la dawa
duara ni siku kavu, msalaba ni ile nyingine.
Msalaba, msalaba, duara. Msalaba.
Duara, duara, duara
(nikanunua omena wa kusherehekea)
kisha ngurumo za Jumanne, zile za ziwani
zinazosubiri watu walale ndipo zitikise mabati,
na asubuhi kitambaa cha kreti chepechepe,
mbwa amejikunja pembeni
kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Mama Apondi akachungulia juu ya ua:
"Samaki mkunje angali mbichi."
Nikamwambia samaki hulala kimya. Huyu analia.

Wiki ya tano kreti ilikauka.
Nilinusa pembe zote, kama mpelelezi. Kavu.
Lakini godoro la Odero lilikuwa limelowa,
na Odero, ndani ya sare ya shule, kola imepinda,
akasema kabla sijauliza:
"Ni Rabuon. Alipanda kitandani."

Komeo la kreti nililifunga mwenyewe saa nane.
Saa kumi na mbili nililikuta limefungwa,
na mbwa ndani, mkavu kama ukoko,
akitutazama mmoja baada ya mwingine,
mkia ukigonga mbao: ta, ta, ta.

Neno lilikuwa mdomoni tayari.
Nikaukumbuka mkono.

"Basi," nikasema, "tumsaidie huyu mbwa.
Kuanzia leo nikimtoa saa nane
nitakuamsha umshikie kamba.
Giza anaogopa."

Tukalibeba godoro, yeye kichwani mimi miguuni,
tukaliegemeza ukutani.
Siki, ndoo ya maji, na jua la Kisumu
ambalo kwa kazi hii halina mpinzani.

Saa nane tulikuwa watatu kwenye nyasi.
Rabuon akazunguka mara tatu, akachutama.
Nikageuka kulitazama tangi la maji la jirani,
nikahesabu mikunjo yake, polepole, juu hadi chini,
mpaka niliposikia, nyuma ya mpapai,
mchirizi wa pili.

Asubuhi nikachora maduara mawili,
kisha moja nikalifuta, asije akaliona.

Alhamisi mvua ilirudi.
Nikamimina siki ndooni
na sikuuliza ni ya nani.