Kiganja cha Kiza

Alifagia karakana ya reli miaka sita kabla ya kushika penseli.
Mchoraji alichora madaraja, Kiza akaokota masalia:
penseli za urefu wa jino, rula iliyovunjikia kumi na saba,
mifuko ya saruji. Akaikung'uta, akaipasua, akaipiga pasi.
Karatasi yake ya kwanza ilimkohoza wiki nzima.

Usiniulize alisomea wapi. Alisomea Kibirizi,
kalala kifudifudi kwenye gati
akitazama mgebuka anavyogeuka
bila kuyaudhi maji.
"Samaki hapigani," aliniambia, "samaki huomba njia."
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yangu kushika uzi wa chaki.

Msumeno ulimla vidole viwili, cha pete na cha mwisho.
Akavitafuta kwenye maranda, akavizika,
Jumatatu akarudi kazini.

Mashua ya kwanza, Usinicheke, ilichekwa.
Ya pili ilivuja.
Ya tatu ilishika nafasi ya nne, akanunua soda kreti nzima.
Ya tano tuliipaka mawese ya Anastazia kuanzia omo hadi tezi,
ikateleza kutoka Ujiji, ikazunguka Bangwe,
ikaingia Kibirizi wenzake wangali wanabishana na mawimbi.
Mbuzi wa zawadi alilala chumbani kwetu
akala mchoro wa ya sita.

Matajiri wa Ujiji walikuja na pesa zimefungwa kwenye leso.
Wengine walivuka ziwa kutoka Kalemie
kuifuata penseli ya mtu asiyejua kuogelea.
Ndiyo, hakujua. Chombo kikiondoka
yeye hubaki na maji ya magoti, suruali kaikunja,
midomo ikihesabu.

Ya tisa tuliichora pamoja.
Ukiitazama kwa mbele
ni kama mtu aliyegeuza bega apite kwenye umati.
Nikasema, punguza kidogo.
Mimi ndiye niliyesema.
Akapunguza.

Rukuga ilitoka upande wa Kongo saa nane mchana,
haikupiga hodi.
Tuliokota tanga. Tuliokota ndoo ya kukumbia maji.
Buchumi, mshika demani, mwana wa Anastazia,
tulimpata siku ya tatu, kule Kalalangabo.

Arobaini ilipopita mama yake alikuja karakanani.
Hakukaa. Aliuliza swali moja:
ilikuwa na upana gani?
Kiza akaonyesha kwa mikono.
Mama akaitazama ile hewa iliyobaki katikati,
akaitazama sana,
akaondoka. Mikono ya Kiza ikabaki palepale.

Tangu ya kumi mpaka ya thelathini na moja
kila mashua ilizidi kiganja kimoja mbavuni.
Sentimita hakutaka kuzisikia. Aliulaza mkono
kwenye taruma la katikati, akaufuata ukingo wake kwa penseli.
Hazikushinda tena. Watu wakasema fundi amechuja,
jina lake limemwingia machoni.
Wengine wakahamia kwenye injini.
Lakini zilirudi. Za saba, za mwisho, matanga yamechanika,
usiku, watu wameshakwenda kulala,
zilirudi.

Amefariki Machi. Nimerithi rula, bado inaishia kumi na saba.
Chini ya sanduku kuna mfuko wa saruji, mchoro usio na namba,
mwembamba kuliko ya tisa.
Umefutwa, ukachorwa, ukafutwa,
mpaka karatasi imetoboka
pale anapokaa mshika demani.

Leo vijana wa Gungu wanataka ya mashindano. Pesa wanazo, subira hawana.
Nimefika taruma la katikati, nimelaza mkono.
Wangu una vidole vitano.
Wake ulikuwa na vitatu.
Sijui nipime kwa upi.

Mtoto anayenishikia uzi wa chaki
anainamisha kichwa, anafumba jicho moja.
"Fundi," anasema, "punguza kidogo."